Eropleni Yetu Iitwayo Fahali

Kila mgeni aingiaye chumba cha sayansi siku hizi huinua macho, akaiona eropleni nyekundu iliyotundikwa juu ya meza ya mwalimu, kisha huuliza maswali mawili. La kwanza: je, yaruka kweli? La pili: aliyeiendesha alikaa wapi? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, imekwisha kuruka mara 11. Jibu la swali la pili ni kwamba hapana mtu awezaye kukaa ndani yake, maana toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa ni inchi 70, yaani sentimita 178, na uzito wake ni kilo 3 tu. Mwendeshaji husimama chini uwanjani, ameshika sanduku lenye vijiti viwili, na amri zake huenda angani kwa mawimbi ya redio.

Wengine wakisikia hivyo husema, "Kumbe ni kitu cha kuchezea watoto." Sivyo. Eropleni hii iliumbwa kwa ajili ya mashindano ya watu wazima, tena magumu. Basi nataka kueleza jinsi ilivyo, na kwa nini ilitengenezwa hivyo, na jinsi tulivyoifufua. Na makosa yangu nitayasema pia, kwa kuwa yalikaribia kuivunja kabisa.

Waliotangulia katika kazi hii ni ndugu wawili pacha wa Marekani, Walter na William Good, wa mji wa Kalamazoo. Mwaka wa 1937 walirusha eropleni yao iliyoitwa Guff kwa amri za redio, na leo imewekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Siku zile kuirusha na kuirudisha chini salama ilitosha kuwa sifa. Lakini watu hawakuridhika. Wakataka eropleni ndogo ifanye yote yafanywayo na marubani hodari: kupiga kitanzi angani, kujiviringisha kama pipa, kwenda chali magurudumu yakitazama mbinguni. Mashindano ya kwanza ya dunia ya michezo hiyo kwa eropleni za redio yalifanyika Uswisi, mahali paitwapo Dübendorf karibu na Zürich, mwaka wa 1960. Aliyeshinda ni Mmarekani, Ed Kazmirski, na eropleni yake aliiita Orion. Baadaye alichora nyingine, akaiita Taurus, na kampuni ya Top Flite ya Chicago ikawa inaiuza vipande vipande ndani ya sanduku, pamoja na ramani yake. Taurus ni neno la Kilatini, maana yake fahali. Yetu ni Taurus, ndiyo sababu wanafunzi wa kidato cha kwanza waliipa jina la Fahali.

Sasa, mtu asiyejua redio za zamani hawezi kufahamu kwa nini Fahali ana umbo lile. Siku hizi ukisogeza kijiti kidogo, usukani wa eropleni husogea kidogo. Ukikisogeza sana, nao husogea sana. Katika mwaka wa 1960 wengi hawakuwa na jambo hilo. Ndani ya kipokezi chao mlikuwa na ndimi 10 nyembamba za chuma, kila ulimi na urefu wake. Mwenye kujua likembe atafahamu mara moja. Ulimi mrefu hulia sauti nzito, ulimi mfupi hulia sauti nyembamba. Mwendeshaji akibonyeza swichi, mtambo wake hupeleka sauti moja; ulimi ule upatanao na sauti hiyo hutetemeka peke yake, ukagusa skrubu, umeme ukapita, na mota ndogo ikavuta usukani. Ndimi 2 kwa kupanda na kushuka, 2 kwa usukani wa kusimama, 2 kwa vibawa vya pembeni, 2 kwa injini, na 2 za kurekebisha mkia taratibu. Hizo ndizo 10.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na kidogo wala nusu. Ukibonyeza, usukani huenda mpaka mwisho wake; ukiachia, hurudi katikati. Mwendeshaji aliyetaka kupinda polepole ilimpasa kugonga swichi kwa vidole, ta-ta-ta, kama mpiga ngoma. Katikati ya pigo na pigo eropleni ilikuwa haina mtu. Kwa hiyo mchoraji alipaswa kutengeneza ndege ishikayo njia yake yenyewe wakati ule mfupi, isiyopinda kwa hiari yake, wala isiyojitia kasi kubwa ikielekea chini. Ndiyo maana bawa la Fahali ni nene. Hewa hulizuia, mwendo wake ukaelekea kuwa ule ule akipanda na akishuka.

Jambo la pili ni umbo la bawa hilo. Ukilikata bawa la eropleni ya kawaida ya abiria wanne kama ukatavyo mkate, utaona mgongo wake umebinuka na tumbo lake limekaribia kunyoka. Hilo ni zuri kwa safari, lakini ndege ikigeuzwa chali hutaabika. Bawa la Fahali limebinuka juu na chini pia. Waamuzi wa mashindano hutoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila mchezo, kisha huzizidisha kwa tarakimu ya ugumu wake. Kitanzi kilichofanana na yai badala ya duara hupunguziwa alama.

Redio za ndimi hazikudumu. Katikati ya miaka ya 1960 zilikuja redio za vijiti zifuatazo mkono, na mwaka wa 1967, huko Corsica, Phil Kraft wa Marekani alichukua ubingwa wa dunia kwa eropleni yake Kwik-Fli III, ambayo ni nyepesi ya umbo na rahisi kuijenga. Leo eropleni za mashindano makubwa nyingi ni za umeme, na kanuni haziziruhusu kuzidi mita 2 kwa urefu au upana, wala kilo 5. Ni nzuri mno, lakini bei yake haisemeki shuleni. Huko Marekani kiko chama kiitwacho Senior Pattern Association, ambacho watu wake hushindana kwa michoro iliyokuwako kabla ya mwaka 1976. Hao ndio walionitia moyo, maana niliona kwamba kitu cha zamani si lazima kiwe kitu kilichokwisha.

Fahali alijengwa hapa hapa. Wazee waliosoma shule hii zamani watamkumbuka Bruda wa Kimarekani aliyefundisha fizikia. Alipoondoka mwaka wa 1972 aliacha vitu vingi, na kimoja wapo kilipandishwa juu ya dari ya karakana kikasahauliwa. Mwezi wa Agosti 2023, mabati yalipokuwa yakibadilishwa, mafundi walishusha sanduku refu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kulichoma moto pamoja na takataka nyingine. Nilifungua kwanza.

Hali yake ilikuwa mbaya. Mchwa walikula ncha ya bawa la kushoto na mbavu tatu. Panya walizaa mahali pa betri. Pua yote ilikuwa nyeusi kwa mafuta, hariri imechanika, na injini haikugeuka hata kwa koleo. Lakini boriti ya bawa ilikuwa nzima, na ramani ilikuwamo, imekunjwa, yenye alama za penseli za Bruda.

Mwalimu wetu wa fizikia alitoa amri moja kabla hatujagusa kitu: kila kipande kipimwe uzito, kiandikwe, kisha kipimwe tena baada ya kutengenezwa. Tulimcheka kidogo. Baadaye hatukucheka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa mafuta katika mbao, kwa sababu gundi haishiki mahali penye mafuta. Tulichanganya wanga wa muhogo na spiriti mpaka ukawa kama uji mzito, tukaupaka puani, tukauacha ukauke. Ukikauka huwa wa manjano, maana umenyonya mafuta. Unaupangusa kwa brashi, unapaka tena. Tulifanya hivyo mara 6, na mara ya sita ulibaki mweupe.

Mbao zake ni balsa, mti mwepesi utokao hasa Ecuador. Katika maduka ya mjini kwetu haupatikani. Mwenzetu mmoja atokaye kando ya Ziwa Victoria alileta gogo la mti mwepesi uotao majini, ambao wavuvi huutumia kufanyia maboya ya nyavu. Tulipoupima, kipande cha ukubwa wa lita moja kilikuwa gramu 190. Balsa ya kawaida ni kama gramu 160. Tulifurahi sana, nikataka kuutumia kila mahali. Lakini tulipoukata vipande vyembamba ulipasuka, na ukucha tu uliuachia shimo. Basi tuliuchonga kuwa ncha ya bawa, mahali pasipobeba mzigo, na mbavu tatu tulizikata katika balsa tuliyopelekewa kwa posta na mmoja wa wanafunzi wa zamani akaaye Kanada.

Kisha hariri. Dukani kila kitambaa king'aacho huitwa hariri, kwa hiyo usiamini. Chomoa uzi mmoja, uuchome: hariri ya kweli hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu la kusagika, nailoni huyeyuka ikawa tone gumu. Tulikwenda na kiberiti kwa washonaji wanne, na wa nne ndiye aliyekuwa nayo. Hariri hulowanishwa kwanza, hutandazwa juu ya mbavu ikiwa mbichi, halafu hupakwa vanishi ya selulosi, ile watumiayo maseremala, iliyozimuliwa sana. Ikikauka hukaza kama ngozi ya ngoma. Tafadhali, kazi hii ifanyike nje. Mvuke wake hushika moto upesi, tena huumiza kichwa.

Tulipokuwa tukibandua hariri ya zamani katika bawa la kulia tulikuta jambo ambalo hatukulitazamia. Juu ya boriti, kwa penseli, pameandikwa herufi za mwanzo za majina ya watu wanne, na mwaka 1965. Mwandiko si wa Bruda. Ni wanafunzi waliomsaidia kujenga. Siku ile kazi ilisimama. Wengine walitaka tukome pale, Fahali awekwe katika kabati la vioo asiguswe tena. Mkuu wa shule naye alielekea upande huo. Alisema, "Mkiivunja, hatuna nyingine." Hilo ni neno la kweli, na mpaka leo sina jibu la kulishinda. Nilisema tu kwamba wale wanne hawakujenga pambo la kabati. Baada ya majuma mawili aliruhusu, kwa sharti kwamba redio ya zamani isirushwe, na kwamba mahali pale penye herufi tusipake rangi. Ukisimama chini ya bawa la kulia utaona dirisha la hariri nyeupe, zisome mwenyewe.

Injini nitaieleza kwa kifupi, ingawa ilitusumbua kuliko yote. Ina ujazo wa sentimita 7.4 tu. Haitumii petroli bali methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, na plagi yake ina waya wa platinamu: huwashwa kwa betri ndogo mara ya kwanza, kisha hubaki nyekundu yenyewe kwa sababu ya methanoli, hata betri ikiondolewa. Mafuta ya mbarika yakikaa miaka 50 huwa gundi. Tuliipasha moto polepole katika oveni ya jikoni, jambo ambalo mpishi hajatusamehe kwa ajili ya harufu yake, kisha tukailoweka, mpaka siku ya tatu ikalegea. Gololi zake zilikuwa zimeshika kutu, lakini kipimo chake ni cha kawaida, tukazipata kwa muuza vyuma. Methanoli yenyewe hufungiwa maabara na ufunguo anao mwalimu. Wasomaji wa Uganda wanakumbuka mwaka wa 2010 jinsi watu wengi walivyokufa kwa waragi iliyotiwa kitu hicho; na asiyekufa aweza kupofuka.

Redio ya ndimi tuliiweka mezani, tukaipelekea sauti kwa mashine ya maabara. Tulipopandisha sauti polepole ndimi zilianza kuitika, mmoja baada ya mmoja. Kati ya 10 ziliitika 8. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari zake, lakini kuuona ulimi wa chuma ukitetemeka peke yake na wenzake wametulia ni jambo jingine. Hewani tunatumia redio mpya ya gigahezi 2.4, zawadi ya yule yule wa Kanada.

Na hapo ndipo palipotokea kosa. Redio ya zamani na mota zake na betri zake ilikuwa gramu 680. Mpya gramu 310. Uzito mwingi wa zamani ulikuwa mbele, kwa hiyo Fahali sasa alilemea mkiani. Eropleni yo yote ina mahali pa mizani, ambapo ukiiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa hukaa sawa. Mahali hapo pakisogea nyuma sana, ndege huwa kama baiskeli inayosukumwa kinyumenyume: kila kosa dogo hukua. Tulisogeza betri puani, tukaongeza risasi gramu 140, nikaipima, ikakaa sawa juu ya alama ya ramani. Niliridhika. Ila niliipima tangi likiwa limejaa.

Tazama hesabu yake. Mafuta ya tangi lile ni kama gramu 200, na tangi liko sentimita 25 mbele ya mahali pa mizani. Gramu 200 mara 25, ukigawanya kwa gramu 3,000 za ndege nzima, wapata karibu sentimita 1.7. Maana yake, mafuta yanapokwisha, mizani hurudi nyuma sentimita 1.7, na hakuna rubani ndani wa kuhisi jambo hilo. Bruda alikuwa ameandika kwa penseli kando ya alama ile: tangi tupu. Niliyaona maneno hayo, nikadhani anazungumza habari za tangi jingine.

Tuliomba ruhusa kwanza, maana siku hizi kila kirukacho bila rubani huulizwa habari zake. Nilikuwa nimejifunza miezi 7 kwa eropleni ya sponji isiyovunjika, na mwalimu alisimama begani pangu. Uwanja wetu uko juu, kama mita 1,500, ambako hewa ni kama sehemu 86 kwa 100 ya ile ya pwani, basi Fahali alikimbia mbali kuliko nilivyotazamia kabla ya kuacha majani. Halafu akapanda. Kelele za shule nzima sikuzisikia, walinisimulia baadaye. Nilipiga kitanzi kimoja, si cha duara sana, nikajiviringisha mara moja, na dakika nne za kwanza alikwenda kama aliyefungwa kwenye reli.

Dakika ya tano alianza kuinua pua mwenyewe. Nikimshusha, anashuka mno. Nikimwinua, anaruka juu kama mbuzi. Nilidhani ni upepo. Injini ikazimika, mafuta yamekwisha, na sasa ilikuwa lazima atue bila nguvu na mkia mzito. Alipokaribia majani, juu kama kimo cha mtu, nilivuta kijiti kidogo tu, pua ikapanda, mwendo ukafa, akaanguka kama jiwe. Gurudumu la mbele lilivunjika pamoja na ubao ulioshika injini. Mabawa hayakuumia. Mkuu wa shule alikuwapo. Hakusema neno, akainama kutazama lile dirisha la hariri, akaondoka.

Usiku ule niliisoma ramani tena, nikayaelewa yale maneno mawili ya penseli. Tuliongeza risasi nyingine, tukapima tangi tupu, na majuma matatu baadaye aliruka tena. Tangu siku hiyo hana ukaidi wo wote. Safari ya tisa nilimgeuza chali toka mwisho wa uwanja hata mwisho, na mwalimu, ambaye si mtu wa kusifu, alisema, "Haya."

Sasa nina ombi kwa wazee wetu wa zamani. Tulipokwangua rangi nyekundu tulikuta chini yake rangi ya samawati na mstari mweupe, lakini hatujui mstari huo ulikwenda vipi mkiani. Mwenye picha ya Fahali ya miaka ile, hata kama ni ndogo, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyejaa pichani, atuazime tuinakili, nasi tutairudisha. Na kama mmoja wa wale wanne wa mwaka 1965 anasoma ukurasa huu, tafadhali amwandikie Mhariri. Tunaruka Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wa muhula, saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka, na kijiti tutampa.